Uliza Anti: "Kwani zeruzeru si Kiswahili?"

Wapenzi wasomaji, toleo lililopita nilimjibu mama mmoja wa Tanga mwenye mtoto anayeanguka kifafa, nikamwomba aache kumtambulisha kwa wageni kama "mgonjwa wangu" maana mtoto anasikia na ameshaanza kujiona hivyo. Nikadhani ni jibu dogo tu limepita. Kumbe nimechokoza nyuki, meseji zimemiminika, wengine wanashukuru, wengine wananiambia Anti umeiga uzungu sikuhizi kila neno kosa, na wengine wameuliza mambo ambayo hata mimi ilibidi nikae chini niyafikirie. Mwezi huu ukurasa wote ni wa hayo.

*Anti shikamoo. Mi ni mwalimu wa darasa la tatu huku Shinyanga vijijini. Nina mtoto wa kiume mwenye ualbino na wenzie wanamwita zeruzeru, wala sio kwa ugomvi, yani hata kwenye mpira wanaita "zeru toa pasi". Mwalimu mkuu akapiga marufuku hilo neno, ukilisema viboko. Sasa mwalimu mmoja mkubwa wetu hapa ofisini akasema hayo mambo ya enjioo, zeruzeru ni Kiswahili safi cha babu zetu, ukibadilisha neno ngozi haibadiliki na jua litamuunguza vilevile. Kusema kweli nlikosa la kujibu. Je tunajisumbua bure?* (Mwalimu, Shinyanga)

Marahaba mwanangu, na hongera kwa kuuliza, wengi wangenyamaza.

Neno limo kwenye kamusi za zamani, hilo simbishii mzee wako. Ila neno halikai kwenye kamusi peke yake, linatembea na watu, na huko kwenu Kanda ya Ziwa unajua fika limetembea na watu gani. Kuanzia 2006 na 2007 ndo tukaanza kusikia kila mara watu wenye ualbino wameuawa, wamekatwa mikono, watoto wamechukuliwa usiku kitandani, mpaka watoto wengine wakahamishwa makwao wakapelekwa kulelewa kituo cha Buhangija hapohapo Shinyanga kwenu, na Januari 2015 serikali ikapiga marufuku wapiga ramli, wale waliodanganya watu kwamba viungo hivyo vinaleta utajiri. Sasa kipindi kilekile mtaani kukazaliwa neno jingine, "dili". Mtu anapita zake na kofia yake unasikia "dili hilo linapita". Fikiria hilo neno mwalimu. Mtu akishaitwa dili tayari ana bei, bado mnunuzi tu.

Na kuna usemi mwingine wa zamani zaidi, bila shaka umeusikia kwa bibi yako kama mimi nilivyousikia kwa wangu, kwamba zeruzeru hafi, anapotea. Watu waliusema kama hadithi tu, hawana nia mbaya. Lakini mtu anayekufa huwa anazikwa, watu wanauliza kafa na nini, nani alikuwa naye jana. Aliyepotea nani atamuuliza? Muuaji alikuta njia imeshafyekwa na maneno ya watu wema, ndo maana mi siwezi kukubali kwamba maneno hayana kazi.

Nikiwa sekondari nilikuwa na rafiki tuliyelala naye bweni moja, kitanda cha juu mimi cha chini yeye, msichana mwenye ualbino, hodari wa hesabu kupita darasa zima. Siku ya kufunga shule tuko stendi na masanduku yetu, konda akapiga kelele kutoka mlangoni "oya dili hilo, pakia dili!" na abiria wakacheka, akina mama na watoto wao mgongoni wakacheka. Rafiki yangu hakusema kitu. Alivuta ukingo wa kofia chini mpaka kwenye nyusi akanishika mkono, na kiganja chake kilikuwa kimelowa chapachapa. Safari nzima hakutaka kukaa karibu na mlango. Kila nikisikia mtu anasema "ni neno tu" nakikumbuka kile kiganja.

Kuhusu "mwenye ualbino", watu wanadhani imeletwa na wafadhili, mi naona ni Kiswahili chenyewe kinafanya kazi yake. Tunasema mwenye nyumba, mwenye duka, mwenye watoto watano, na hatumaanishi kwamba yeye NI duka. Ana duka, na ana mengine mengi. Ule u- wa mbele nao unaitoa ile hali pembeni ya mtu, ualbino, ulemavu, ukoma, ili mtu abaki mtu. Wenyewe walilifikiria hili, chama chao cha Tanzania kwa Kiingereza kilikuwa na neno albino kwenye jina wakalibadilisha likawa la ualbino. Hakuna aliyewalazimisha.

Ila sasa viboko, hapana mwalimu. Mtoto akichapwa kwa sababu ya neno hatajifunza heshima, atajifunza kwamba yule mwenzake ndo kamletea fimbo, kesho hatampasia huo mpira kabisa. Wale watoto wanamwita "zeru" na wanacheza naye, hilo la kucheza naye ni mali usiipoteze. Mtoto ana jina. Anza wewe kumwita kwa jina lake kila mara, kwa sauti, na wakisema zeru toa pasi sema huyo anaitwa fulani, basi, endeleeni. Siku moja chukua dakika kumi uwaeleze kwamba ngozi ina rangi inaitwa melanini na yeye mwili wake unatengeneza kidogo sana, karithi kwa baba na mama wote wawili, haiambukizi, hajalogwa. Waambie pia kwamba 2010 watu wa Lindi Mjini walimpigia kura Salum Barwany mwenye ualbino akawa mbunge wao, ili wajue huyu mwenzao anaweza kufika popote.

Na mzee wako kwenye suala la jua amesema kweli tupu, na hapo ndo umkamate. Saratani ya ngozi inawaua wengi. Basi mwambie tusaidiane, mtoto asisimame juani paredi ya asubuhi, avae kofia pana na mikono mirefu hata kama sare hairuhusu, akae dawati la mbele maana wengi macho yao hayaoni mbali na ubao asipouona mtasema ni mzito wa kuelewa. Mwalimu akishamtafutia mtoto kofia kwa mkono wake, hata neno atalibadilisha mwenyewe bila kuambiwa.

*Asalaam aleikum Anti. Kazini kwetu hapa Mombasa tulipewa semina, twaambiwa tusiseme tena kiziwi, tuseme mtu mwenye ulemavu wa kusikia. Jirani yangu ni kiziwi, fundi cherehani, nikamwandikia kwa simu nikamwomba radhi kwa miaka yote niliyomwita kiziwi. Akacheka, akanijibu "mie kiziwi, hiyo ndefu ni ya nani?" Sasa nshachanganyikiwa, nimfuate nani?* (Msomaji, Mombasa)

Waaleikum salaam. Mfuate jirani yako.

Hapa ndo pananoga, kwa sababu watu wanataka orodha moja ya maneno mazuri na mabaya wabandike ukutani waimalize, na haiwezekani. Viziwi wengi wanajiona ni watu wenye lugha yao, lugha ya ishara, na utani wao na namna yao ya kuitana, kwa hiyo kiziwi kwao ni kama mimi kuitwa mpare. Chama chao huku Tanzania ni Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, wamejiita wenyewe. Lakini nenda kwa wale wasioona utakuta chama chao ni Chama cha Wasioona Tanzania, wao neno kipofu hawakulichagua. Wote ni watu wenye ulemavu, nchi moja, na kila kundi likaamua lake. Sheria ya kufuata ni kumuuliza mwenye jina. Ila neno "bubu" la kumwita kiziwi achana nalo kabisa, mtu anaongea kwa mikono siku nzima halafu unamwambia hana usemi.

Kuna wataalamu wanasema shida ni ile ki- ya mwanzo, eti kipofu, kiziwi, kiwete, kilema wote tumewaweka kwenye ngeli ya vitu, kiti na kijiko. Nimelifikiria sana hili na naona ni kweli nusu. Mbona kiongozi yumo ngeli hiyohiyo, na kijana, na kinyozi, na kiranja wa darasa? Halafu tunasema kipofu AMEkuja, kiongozi AMEkuja, hatusemi kimekuja. Pale mtu anaposema "kile kipofu kimekuja" ujue huyo ameamua kutukana, kama anavyosema kizee kile badala ya mzee yule. Tusiisingizie sarufi mambo yanayofanywa na ulimi.

Nyie Wakenya mna bahati moja naitamani. Katiba yenu ya 2010, ibara ya 54, imesema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kuheshimiwa na kuitwa kwa namna isiyomdunisha. Kuitwa! Imeandikwa kwenye katiba kabisa. Na katiba hiyohiyo ikaifanya lugha ya ishara ya Kenya kuwa moja ya lugha rasmi za bunge. Kwa hiyo ukirudi kazini waulize kitu kimoja, ile semina ya maneno ilikuwa na mkalimani wa lugha ya ishara? Kuna kiziwi hata mmoja alikaa kwenye kiti akasema yeye anataka aitweje? Na wewe jirani wa fundi cherehani, miaka yote mnaandikiana kwa simu, mwombe akufundishe ishara tano za kwanza, asubuhi njema, chai tayari, bei gani, mtoto hajambo, tutaonana.

*Anti mambo vipi. Mi na mume wangu tunagombana kila siku. Nimekataza watoto kusema hausigeli wala beki tatu, nimewaambia wamwite dada. Mume wangu anasema huo unafiki, dada yake wa damu haamki saa kumi na moja kuwafulia watu. Nani yuko sahihi?* (Mama wa wawili, Tabata)

Poa mdogo wangu. Beki tatu umefanya vizuri kuikataza, lile ni neno la kumcheka mtu na watoto wanalijua hivyo. Ila kwenye hilo lingine mume wako ana hoja na nakuomba umsikilize.

Nimeingia nyumba nyingi ambazo anaitwa dada, dada, dada leta maji, dada mtoto analia, na dada huyo analala stoo katikati ya gunia la mkaa na ndoo za mchele, anakula wote wakishamaliza, simu yake iko kwenye droo ya mama na mshahara miezi mitatu haujatoka kwa sababu "yeye ni kama mtoto wetu". Hilo neno zuri ndo limemnyima. Mfanyakazi anadai mshahara, ana siku ya kupumzika, ana likizo, sasa dada wa nyumbani atamdai vipi kaka yake? Tangu 2011 upo mkataba wa kimataifa wa Shirika la Kazi Duniani unaowaita wafanyakazi wa majumbani, wafanyakazi kama wengine, na hapa kwetu kima cha chini cha mshahara wao kimetajwa kwenye amri ya mishahara ya serikali, kitafuteni mkisome wote wawili jioni moja. Halafu mwite kwa jina lake, kama ni mkubwa kwa watoto waanze na dada halafu jina. Muulize mwenyewe anapenda aitweje. Utashangaa, wengi hawajawahi kuulizwa.

*Anti habari. Nasoma chuo hapa Dodoma. Tulikuwa na mdahalo, mimi nikasema Kiswahili hakina ubaguzi wa jinsia kama Kiingereza, sisi ni "yeye" tu, mwanaume yeye mwanamke yeye. Dada mmoja akasimama akasema "mwanaume anaoa, mwanamke anaolewa" ukumbi mzima ukapiga makofi nikashindwa. Nilikosea wapi?* (Mwanachuo, Dodoma)

Nzuri mwanangu. Hukukosea sana, ulisimama tu ukiwa na mguu mmoja.

Ni kweli hatuna "yeye" ya kiume na ya kike. Kifini hawana, Kituruki hawana. Lakini kama sarufi ingekuwa inatosha basi mabinti zetu wangekuwa wamerithi mashamba sawa na kaka zao tangu enzi na enzi, na wewe unajua hawakurithi. Kwa hiyo lugha kukosa neno la ubaguzi haimaanishi wasemaji wake wamepona.

Sasa kuhusu kuoa na kuolewa wapo wanaosema tuseme "wameoana" na mi naipenda, naitumia, kwenye kadi za harusi inapendeza. Lakini Kiswahili kina vitenzi vinne hapo, usiishie viwili. Kuna kuoa, kuolewa, kuoza na KUOZWA. Hicho cha mwisho mi nataka kibaki vilevile kilivyo, kichungu. Mtoto wa miaka kumi na tano akisemwa "ameolewa" inasikika kama kitu alichokifanya, kuna shela na vigelegele. Sema "ameozwa" na papo hapo msikilizaji anauliza, nani kamuoza? Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu msichana wa miaka kumi na tano kwa ridhaa ya wazazi, Rebeca Gyumi akaipeleka mahakamani, akashinda Mahakama Kuu 2016 na Mahakama ya Rufani ikakubaliana naye 2019. Ukitaka kuliona jambo hili lote liko ndani ya lile neno ozwa, kuna mtu anafanyiwa na kuna watu wanafanya.

Ndo maana nasema heshima kwenye lugha sio kulainisha kila kitu. Mara ngapi tunasoma kwenye gazeti mtoto "ameharibiwa"? Ameharibiwa! Kama embe lililoanguka. Aliyeharibika ni nani hapo? Andika amebakwa, na aliyembaka mtaje kuwa mbakaji. Neno kali kwa mtenda, neno la heshima kwa aliyetendewa, sisi tumezoea kinyume chake, na hili linaniuma kuliko barua zote za mwezi huu. Mdahalo ujao simama na hayo.

*Anti, mwanangu alilazwa hospitali ya magonjwa ya akili Mirembe wiki sita, ametoka anaendelea vizuri na dawa anakunywa. Mtaani wamemuita "Mirembe", hata wadogo. Hataki kutoka ndani. Nifanyeje?* (Mama, Morogoro)

Pole sana mama yangu. Nimesoma barua yako mara tatu.

Hili ndo linawakatisha watu tamaa na maneno, kwamba ukitoa tusi moja dharau inahamia kwenye neno la pembeni. Mirembe ni jina la hospitali, halina kosa lolote, Kenya wamefanya hivyohivyo na hospitali yao ya Mathari. Neno "mlemavu" lenyewe lilikuwa la adabu lilipochukua nafasi ya kilema, sasa limeanza kuchubuka ndo tunasema mwenye ulemavu. Hata Kiingereza maneno wanayotukania leo kama "idiot" na "moron" yalikuwa ya madaktari kwenye vitabu vyao. Kwa hiyo sitakudanganya kwamba kuna jina fulani tukilipata mtaa utatulia.

Kinachosaidia ni mtu kuonekana akifanya ya kawaida. Usimfungie, ila usimtupe nje peke yake. Toka naye wewe, dukani kwanza, saa za jioni, mwite jina lake mbele ya watu. Mwenye duka mwambie wazi bila kunong'ona, kijana wangu aliumwa akatibiwa hospitali anaendelea vizuri, kama ungesema alivunjika mguu. Ukinong'ona wewe, mtaa utapiga kelele. Wale wadogo wanalitoa kwa wakubwa, mtafute mjumbe au mama mmoja mnayeheshimiana mwende naye nyumba mbili tatu mkaongee. Na wakati wote huo dawa asiache, na tarehe ya kliniki isipite.

*Anti naomba haraka. Tunachangisha kanisani, natakiwa kuandika tangazo la Jumapili, "mchango wa vilema", "walemavu", au nini? Mchungaji anasubiri.* (Katibu, Iringa)

Andika "mchango wa kuwanunulia viti mwendo ndugu zetu wenye ulemavu", ili watu wajue hela inanunua nini. Kabla hujapeleka kwa mchungaji waonyeshe wao wenyewe walisome, wakitaka kubadilisha neno badilisha. Halafu umeniambia kwenye meseji ya pili kwamba mlango wa kanisa una ngazi sita. Mpigie fundi leo, awatengenezee njia ya mteremko ya mbao imara, isiwe imesimama sana mtu akashindwa kupanda, Jumapili hiyohiyo ya tangazo waingilie mlango wa mbele.